Herufi Saba

Bei yangu ni shilingi ishirini kwa herufi.
Tarakimu nazihesabu kama herufi,
koma ni bure, nukta ni bure,
na nafasi kati ya neno na neno
sijawahi kumtoza mtu, ingawa ndiyo kazi ngumu:
kuliacha jiwe lilivyo.

Walikuja karakanani kwangu Chavakali siku ya soko,
wanakamati watatu na mwenyekiti wao, Bwana Asava,
na karatasi iliyokunjwa mara nne.
HAPA AMELALA LUGADIRU,
KIONGOZI NA MPATANISHI.
Thelathini na tisa. Nikataja mia saba na themanini.
Wakatazamana. Mmoja akauliza
kama MPATANISHI haliwezi kufupishwa.

Mwaka wa kifo ulileta mzozo.
Huyu alisema kabla ya nzige, yule baada ya ndui,
Mzee Kisia akaapa kwamba babu yake
alikuwa bado anabebwa mgongoni.
Mwishowe mwenyekiti akasema, "Weka 1884,
inakaa vizuri kwenye jiwe."
Themanini zaidi. Tukapeana mikono.

Itale ya kwetu haina haraka.
Unaipiga tindo tangu alfajiri,
jioni inakuonyesha mguu mmoja wa H.
Na mtu akigonga jiwe kutwa peke yake
hukumbuka asiyoombwa kukumbuka:

kwamba Lugadiru hakuwa na mkuki mrefu, alikuwa na ulimi;
kwamba wa ng'ambo ya Yala walipokuja kudai damu ya watu wao sita
aliketi nao siku tatu,
akapanga vijiti mchangani,
akaondoa kimoja, akaongeza kimoja,
mpaka vita vikawa hesabu.
Ng'ombe thelathini. Majembe kumi.
Wasichana wawili.

Mmoja alitoka boma la kwetu.
Alikuwa akisaga mtama walipomwita.
Hilo tu ndilo tuliloachiwa: mtama ulibaki nusu
juu ya jiwe, na mamake akakataa usifagiliwe,
hadi kuku wakaumaliza.

Sisemi amani ile ilikuwa mbaya.
Kwa amani ile babu wa babu yangu alizeeka,
nami nikapata mkono wa kushikia nyundo.
Naila hadi leo, pamoja na mrenda.

Saa saba binti yangu huniletea chakula.
Yuko darasa la nne, husoma chochote kilichoandikwa,
mifuko ya saruji, misalaba ya watu.
Akalifuata MPATANISHI kwa kidole,
vumbi likamjaa ukuchani.
"Baba, aliwapatanisha akina nani?"
Nikamwambia, "Kula kwanza, Jendeka."

Jina hilo kwetu halikosi mtu.
Shangazi alikuwa nalo, alipofariki akapewa huyu.
Tunalitunza
kama kiti cha mtu aliyetoka nje kidogo.

Usiku ule nililigeuza jiwe juu ya tairi kuukuu,
upande wa nyuma, utakaoegemea ukuta.
Sikuwasha taa kubwa.
J ilinitoka vibaya, mkia wake umepinda.
Zilizofuata zilikaa.

Siku ya kuzindua walikuja na hema na kipaza sauti.
Kitambaa kikavutwa, kikanasa kwenye kona, kikavutwa tena.
Mgeni wa heshima akasoma mbele kwa sauti,
akakosea mwaka, watu wakapiga makofi.
Mvua ikatutawanya kabla ya maombi ya mwisho.

Bwana Asava alinihesabia mia nane na sitini chini ya mwavuli,
noti moja imeraruka, akaniomba radhi.
"Kuna deni lolote limesalia, fundi?"

Saba mara ishirini ni mia na arobaini.

Nikamwambia hapana,
nikapangusa tindo kwenye suruali.